Mhusika wa Kurithiwa: Usawiri wa Wapenzi wa Jinsia Moja na wa Jinsia Zote Mbili katika Hadithi za Mashabiki na Usimulizi Upya wa Afrika Mashariki

Ikisiri

Hadithi za mashabiki ni masimulizi ambayo msomaji au mtazamaji huyatunga kwa kutumia wahusika na ulimwengu uliokwisha kubuniwa na mtu mwingine. Makala haya yanaeleza namna wahusika wanaopenda jinsia yao, na wale wanaopenda jinsia zote mbili, wanavyosawiriwa katika utanzu huo. Yanaonyesha pia kwamba masuala yanayojitokeza humo yanahusiana moja kwa moja na mapokeo ya usimulizi upya ya Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba mhusika wa hadithi ya mashabiki ni mhusika wa kurithiwa: msomaji amemjua na kumpenda kabla ya kuelezwa kuwa yeye anampenda nani. Kwa hiyo, kipimo cha usawiri wake ni iwapo anabaki kuwa yeye baada ya jambo hilo kujulikana. Kipimo hicho kinajengwa kwa kurejelea Abunuwasi, Bwana Msa, filamu ya Rafiki na sura aliyoiongeza Binyavanga Wainaina katika tawasifu yake.

1.0 Utangulizi

Fasihi simulizi haimchukulii mhusika kuwa mali ya mtunzi mmoja. Miongoni mwa Wahaya wa Bukoba na Muleba, Nshamba ikiwamo, masimulizi ya enanga yanayowahusu Kachwenyanja, Rukiza au Mugasha hayana nakala moja ambayo kila msanii hulazimika kuifuata. Mpiga enanga humpokea shujaa akiwa tayari ana jina na sifa, kisha humsimulia kwa namna yake. Mulokozi, katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizichunguza tungo hizo kama tendi kamili. Seitel (1980), aliyekusanya ngano za Wahaya, alikipa kitabu chake jina linalotokana na itiko la wasikilizaji, ambao humtaka mtambaji aone ili nao waone. Itiko hilo humpa mtambaji mamlaka, lakini pia humwekea sharti. Ana ruhusa ya kuona kipya ndani ya hadithi ya zamani, ila anachokiona lazima wasikilizaji nao waweze kukiona.

Hadithi za mashabiki hutenda jambo hilohilo kwa maandishi. Jenkins (1992) aliwaeleza mashabiki kuwa wasomaji wanaoingia katika matini ya mwingine na kutoka na kile wanachokihitaji. Tawi lao linalohusu mapenzi ya jinsia moja lilipata sura iliyo wazi katika majarida ya wapenzi wa Star Trek nchini Marekani. Mwaka 1974 jarida la Grup lilichapisha hadithi fupi ya Diane Marchant iliyowahusu Kirk na Spock bila kuwataja kwa majina. Mashabiki walizoea kuweka alama ya mkwaju (/) katikati ya majina ya wahusika wawili wanaopendana, na alama hiyo ikawa jina la tawi zima. Hapa tutaziita hadithi za mkwaju. Leo sehemu kubwa ya hadithi hizo imehifadhiwa katika Archive of Our Own, hifadhi iliyofunguliwa mwaka 2009 na kupata Tuzo ya Hugo mwaka 2019.

Kwa mtafiti wa Kiswahili, suala hili lina uzito unaozidi ule wa kinadharia. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinaweka adhabu ya kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30, kwa kile kinachoitwa kuingiliana kinyume cha maumbile. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilikataa Mei 2019 kuvifuta vifungu vya aina hiyo, na Uganda ilitunga sheria kali zaidi mwaka 2023. Kwa hiyo, anayemsawiri mhusika wa aina hii anamsawiri mtu ambaye jirani zake halisi hujificha. Usawiri mbovu una gharama, na gharama hiyo hailipwi na mwandishi peke yake.

2.0 Sarufi ya Mapenzi katika Kiswahili

Usawiri huanzia katika lugha. Viambishi vya nafsi vya Kiswahili havibainishi jinsia. Sentensi "alimshika mkono akamsihi asiondoke" haisemi iwapo wahusika ni wanaume, ni wanawake, au ni mwanamume na mwanamke. Nyimbo za taarabu na mashairi ya mapenzi yametumia uwazi huo kwa muda mrefu: mpenzi anayesifiwa hana jinsia mpaka msikilizaji ampe. Mwandishi wa Kiingereza anayetaka kuficha jinsia ya mhusika hulazimika kufanya kazi ya ziada ambayo mwandishi wa Kiswahili amekwisha kufanyiwa na lugha yake.

Tofauti hiyo ina matokeo ya kiufundi. Katika Kiingereza, tukio la mwanamume na mwanamke hueleweka kwa viwakilishi tu, ilhali tukio la wanaume wawili huleta utata kuhusu nani amefanya nini. Katika Kiswahili, utata huo upo katika kila tukio la watu wawili, na watunzi wamekuwa wakiutatua siku zote kwa kutumia majina, vyeo, istilahi za udugu na vioneshi kama "yule" na "huyu". Kwa maana hiyo, mwandishi anayewaandika Kamugisha na Rwegasira kama wapenzi hahitaji mbinu ambayo hakuwa nayo alipowaandika Kamugisha na Koku.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo lugha hugawa majukumu, napo ni katika kitenzi cha ndoa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mmoja hutenda na mwingine hutendwa. Mgawanyo huu umeingia katika majina ya mtaani wanayopewa wanaume wanaopenda wanaume. "Basha" ni yule anayechukuliwa kuwa mwoaji, na "shoga" ni yule anayechukuliwa kuwa mwolewa. Majina hayo hayaelezi mtu anampenda nani. Yanaeleza amewekwa upande gani wa kitenzi. Mwandishi anayeyatumia kama yalivyo hujikuta amewagawa wahusika wake kabla hawajazungumza: mmoja amekuwa mume wa mfano, na mwingine amekuwa mwanamke wa kuigiza. Kauli ya kutendeana, "-oana" au "-pendana", hutoa njia nyingine, kwa kuwa humfanya kila mmoja kuwa mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja.

Neno "shoga" linahitaji uangalifu wa ziada. Katika mazungumzo ya wanawake wa pwani, shoga ni rafiki wa kike wa karibu, na mwanamke humwita mwenzake hivyo bila kumaanisha lolote lingine. "Msagaji" na "hanithi" hayana uwili huo; ni maneno yanayobeba tusi hata yanapotajwa kwa utulivu. Kauli ya maelezo, "mpenzi wa jinsia moja", ni ndefu lakini haimhukumu mhusika kabla ya hadithi kuanza. Kanuni inayopendekezwa hapa ni rahisi: maneno ya mtaani yawe katika vinywa vya wahusika ambao wangeyasema, na msimulizi asiyakopeshe sauti yake.

Kwa mtu anayependa jinsia zote mbili, lugha ya kila siku haina hata tusi mahususi. Pengo hili si baraka. Kwa kuwa majina yaliyopo yanataja nafasi katika tendo, mwanamume mwenye mke ambaye pia anampenda mwanamume huitwa ama basha, na mke wake akasahauliwa, ama mume tu, na mpenzi wake akasahauliwa. Lugha humtaja kwa nusu, na hadithi nyingi humwandika kwa nusu hiyohiyo.

3.0 Usimulizi Upya Unaofuta na Unaoongeza

Mfano ulio wazi wa kufutwa ni Abunuwasi. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua kama mjanja anayewashinda matajiri na masultani kwa akili. Abu Nuwas wa historia alikuwa mshairi wa Kiarabu aliyeishi Baghdad katika zama za Harun al-Rashid na kufariki mwanzoni mwa karne ya 9. Alisifika kwa mashairi ya mvinyo, kwa mashairi ya mapenzi aliyowatungia wanaume vijana, na pia kwa yale aliyomtungia mwanamke aliyeitwa Janan. Aliposafiri kutoka ushairi hadi ngano, jina lake lilibaki, ucheshi wake ukabaki, na mapenzi yake ya aina zote mbili yakaachwa njiani. Ngano za watoto zilikuwa na sababu njema ya kuyaacha. Ila matokeo yake ni kwamba mmoja wa wahusika wapendwao zaidi katika hadithi zetu ni mtu ambaye sehemu ya wasifu wake haifahamiki kwa wengi wanaomcheka.

Haifuati kwamba mwandishi wa leo anaweza kuirudisha sehemu hiyo bila kuihoji. Mapenzi yanayosemwa katika ushairi wa zama zile yalipita mara nyingi kati ya bwana na mtumwa, na kati ya mtu mzima na kijana. Anayemsimulia Abunuwasi upya anawajibika kumpa mwenzi aliye mtu mzima na aliye huru kukataa. Uaminifu kwa mhusika hauhalalishi kurithi dhuluma za zama zake.

Upande wa kuongeza, Kiswahili kina Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) na riwaya zilizofuata, alimjenga mpelelezi mvuta kiko ambaye wahakiki wamemhusisha kwa muda mrefu na Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Najum, rafiki yake, yuko katika nafasi ya Watson. Huu ni mwingilianomatini ulio wazi: Abdulla alichukua umbo la wahusika wa London, akalipa Kiswahili, Zanzibar na ucheshi wa watu wake, na hakuna anayemwona kuwa mwizi. Wakati huohuo, Holmes na Watson ni miongoni mwa wahusika wanaosimuliwa upya zaidi katika hadithi za mkwaju. Hivyo, shina moja limechipua matawi mawili, na mhakiki anayelikubali la kwanza kuwa ni ubunifu hawezi kulikataa la pili kwa hoja ya kwamba limekopa. Akilikataa, inambidi aseme sababu yake halisi.

4.0 Kasoro Tatu za Usawiri

Hadithi za mashabiki zina kasoro zinazojirudia. Zinatajwa hapa kwa sababu zinamtishia pia mwandishi wa Kiswahili atakayejaribu utanzu huu.

4.1 Mhusika kugeuka lebo

Forster (1927) alitofautisha mhusika bapa na mhusika duara. Kasoro ya kwanza ni kumchukua mhusika duara na kumfanya bapa mara tu mapenzi yake yanapojulikana. Mpelelezi aliyekuwa mkali wa mantiki anaanza kulegeza sauti, kujali mavazi na kusengenya, kana kwamba kumpenda mwanamume mwenzake kumemfuta akili. Msomaji aliyemjua kwa juzuu tano anauliza: yule niliyemzoea yuko wapi? Swali hilo ndilo kipimo cha makala haya. Pale anapobaki na kiko chake, kiburi chake na namna yake ya kunyamaza, mapenzi yanakuwa jambo jipya tunalojifunza kumhusu mtu wa zamani. Anapoyapoteza hayo, hatuna usimulizi upya. Tuna mgeni aliyepewa jina la mwenyeji.

4.2 Kauli ya "ni wewe tu"

Kasoro ya pili ni ile ya mhusika anayesema kwamba yeye hapendi wanaume, bali anampenda huyu mmoja tu. Kauli hiyo huonekana ya kimahaba, lakini hufanya kazi ya kukanusha: mhusika anapewa mapenzi na kunyimwa mwelekeo wake. Anayeumia zaidi ni mhusika wa jinsia zote mbili, kwa kuwa maelezo sahihi kumhusu yapo, na mwandishi anayakwepa. Watson wa Conan Doyle ana mke, Mary Morstan, na hakuna dalili kwamba alimwoa kwa unafiki. Mwandishi anayetaka Watson ampende Holmes ana njia mbili. Njia rahisi ni kumwondoa Mary, ama kwa kifo cha haraka ama kwa kumfanya mwovu, ili njia iwe nyeupe. Njia ngumu ni kukubali kwamba Watson alimpenda Mary kweli na anampenda Holmes kweli, kisha kuandika kile ambacho ukweli huo unamgharimu kila mmoja wa watu watatu. Njia ya pili ndiyo inayozaa fasihi. Njia ya kwanza humdhulumu mwanamke na humnyang'anya mwanamume nusu ya historia yake.

Kosa hilo huonekana pia katika miisho. Mhusika wa jinsia zote mbili akimalizia kwa mke, msomaji huambiwa kwamba "alitulia". Akimalizia kwa mwanamume, huambiwa kwamba hatimaye "alijitambua". Miisho yote miwili humtaka achague ushahidi mmoja dhidi ya mwingine. Usawiri wenye haki humwacha awe na mwenzi mmoja na kumbukumbu zote.

4.3 Adhabu ya lazima

Kasoro ya tatu inatoka mbali zaidi ya utanzu huu. Riwaya ya Kiswahili ina historia ndefu ya kumwadhibu mhusika aliyevuka mipaka ya mapenzi. Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) inamfikisha Rosa katika kujiua, ingawa riwaya yenyewe inaelekeza lawama kwa malezi ya baba yake na unafiki wa jamii. Msomaji aliyezoea muundo huo hutarajia mhusika wa jinsia moja afe, augue au atubu. Kifo kinaweza kuwa sahihi katika hadithi fulani, kwa sababu katika maisha kipo. Kasoro huanza pale kinapowekwa kama risiti ya kumthibitishia msomaji kwamba mwandishi naye hakuridhika na wahusika wake.

5.0 Mifano Miwili ya Afrika Mashariki

5.1 Kutoka Jambula Tree hadi Rafiki

Hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko, Jambula Tree, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007, inawahusu Anyango na Sanyu, wasichana wawili wa Kampala. Imeandikwa kama maneno ya Anyango kwa Sanyu aliyepelekwa London. Wanuri Kahiu aliichukua hadithi hiyo na kuihamishia Nairobi katika filamu ya Rafiki (2018). Anyango amekuwa Kena, Sanyu amekuwa Ziki, na baba zao wamefanywa wagombea wanaoshindana katika uchaguzi. Mama Atim, jirani asiyeacha kusengenya, amevuka mpaka na jina lake. Rafiki ni kazi ya kitaalamu iliyotengenezwa kwa idhini, hivyo si hadithi ya mashabiki kwa maana finyu. Lakini kiufundi inafanya kazi ileile: inawarithi wahusika, inabadili mazingira yao na kuuliza iwapo bado ni wao.

Jibu ni ndiyo, na sababu yake ni kwamba Kena haelezwi kwa mapenzi yake peke yake. Anamsaidia baba yake dukani, anacheza mpira na vijana wa mtaa, anajali mama aliyeachwa, na ana hesabu zake kuhusu masomo. Mtazamaji amekwisha kumzoea anapomwona akimtazama Ziki kwa muda mrefu kuliko kawaida. Jina la filamu nalo linarudi katika hoja yetu ya lugha. Kahiu ameeleza kwamba wapenzi wa jinsia moja mara nyingi hulazimika kutambulishana kama marafiki. Kiswahili kinawapa neno la kujifichia, kama kilivyofanya kwa neno "shoga" miongoni mwa wanawake.

Aprili 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku filamu hiyo. Kwa maelezo ya mwongozaji, kilicholalamikiwa ni mwisho wake, uliokuwa na matumaini kupita kiasi, na alitakiwa aubadilishe. Septemba mwaka huohuo Jaji Wilfrida Okwany aliiondoa marufuku kwa siku saba, na watazamaji wakajaa ukumbini. Kwa mhakiki, mgogoro huu una funzo mahususi. Wasichana hao wanapigwa na umati, wanatenganishwa, na mmoja anapelekwa ng'ambo. Mateso yote hayo yamo. Kilichokosekana ni majuto. Mwisho wa filamu ni mkono unaowekwa begani mwa Kena, na ishara hiyo ndogo ilitosha kuwa hoja ya kiserikali. Hakuna uthibitisho mkubwa zaidi wa kwamba mwisho wa hadithi ni uwanja wa maana, na kwamba adhabu ya lazima iliyotajwa katika 4.3 si desturi ya waandishi pekee.

5.2 Sura iliyopotea ya Binyavanga Wainaina

Mwaka 2011 Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, alichapisha tawasifu yake, One Day I Will Write About This Place. Januari 2014 alitoa sura aliyoiita iliyopotea katika kitabu hicho. Humo alibuni tukio ambalo halikutokea: yeye akiwa kando ya kitanda cha mama yake, aliyefariki mwaka 2000, akimwambia kwamba anapenda wanaume. Mwandishi aliifanyia matini yake mwenyewe kile ambacho shabiki huifanyia matini ya mwingine. Aliona pengo, akaingiza sura, na kitabu cha zamani kikasomeka upya.

Jambo muhimu ni kwamba mhusika hakubadilika. Mtoto aliyezama katika vitabu, kijana aliyepotea katika miaka yake ya Afrika Kusini, mwana aliyempenda mama yake: wote ni walewale. Sura mpya haiwakanushi. Inaeleza ukimya wao. Hiki ndicho kiwango cha juu cha usimulizi upya, na kinaonyesha kwamba kipimo cha mhusika wa kurithiwa kinafaa hata pale mrithi na mrithiwa ni mtu mmoja.

6.0 Wajibu wa Mtafiti

Hadithi za mashabiki huandikwa mara nyingi kwa majina ya kubuni. Katika nchi zenye sheria zilizotajwa hapo juu, jina la kubuni ni kinga. Nchini Tanzania, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, zilizotungwa upya mwaka 2020, zimemwongezea mwandishi wa mtandaoni uzito wa kisheria. Mtafiti anayenukuu sentensi kamili kutoka kwa mwandishi wa aina hiyo anaweza kumfichua bila kumtaja, kwa sababu sentensi hutafutika. Makala haya yamejiwekea mpaka wa kuchunguza matini za waandishi waliojitokeza hadharani, na kuzieleza kasoro za hadithi za mashabiki kwa ujumla wake bila kuielekeza kwa mwandishi binafsi.

Kuna pia wajibu kwa taaluma. Kueleza namna mhusika anavyosawiriwa si kutoa hukumu juu ya maisha ya mtu, kama ambavyo uchambuzi wa muuaji katika riwaya ya upelelezi haufundishi kuua. Hata hivyo, kuuacha uwanja huu kwa hofu kuna hasara ya kitaaluma. Istilahi zitaendelea kuwa matusi, na wahusika wataendelea kuchunguzwa kwa lugha nyingine, ilhali maswali yao ya kisarufi na ya kimapokeo yanaweza kujibiwa kikamilifu kwa Kiswahili tu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hadithi za mashabiki zinazowahusu wapenzi wa jinsia moja na wa jinsia zote mbili zina mizizi katika tabia ya kale ya kusimulia upya, na kwamba Kiswahili kina nyenzo na vikwazo vyake mahususi. Viambishi vyake visivyo na jinsia humpa mwandishi uhuru. Kitenzi cha ndoa na majina ya mtaani humwekea mtego. Na ukosefu wa jina la mtu wa jinsia zote mbili humfanya mhusika huyo awe wa kwanza kufutwa. Kipimo kilichopendekezwa ni kuuliza iwapo mhusika tuliyempenda bado yupo baada ya kujua anampenda nani. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu wahusika wanawake katika nyimbo za taarabu, na kuhusu istilahi ambazo wahusika hao wenyewe wangezichagua. Wasikilizaji wa Kihaya humtaka mtambaji aone ili nao waone. Mwandishi anayetimiza sharti hilo hahitaji kumbadili mhusika. Anahitaji kumtazama kwa muda mrefu zaidi ya waliomtangulia.